Hata Serikali Ipige Hodi

(Haya niliongea jioni moja hapa Mwanza, kwenye chumba kilichopo juu ya duka la nyavu, watu kama ishirini hivi. Nimeyaandika yalivyotoka, majina tu ndo nimeyaacha.)

Habari za jioni jamani. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo. Sauti inafika huko nyuma? Feni ikizidi kelele semeni tuizime, japo kwa joto la leo mtanichukia. Simu zenu zipo kwenye ile ndoo ya bluu pale mlangoni, hakuna wa kuzigusa, na dada aliyekaa pembeni ya ndoo ni mkali kuliko mimi.

Basi. Nimeambiwa niongee siasa na maisha ya kawaida, yaani niongee kama mimi. Sasa mimi ni nani, mimi ni mwanaume wa miaka 41, Msukuma wa Misungwi kwa upande wa baba, nimekulia Mabatini, nauza vipuri vya injini za boti, na ni shoga. Hilo neno nalisema mwenyewe kwa sababu nikisubiri wengine walisema huwa linakuja na jiwe. Halafu kisiasa mimi ni mliberali, neno ambalo nikilitaja pale dukani wateja wanadhani ni dawa ya minyoo.

Nimehangaika sana kulitafutia Kiswahili chake, na siku moja nikakuta kumbe tunalo zamani, ni hodi. Mtoto wa miaka minne analijua. Unafika kwa mtu, mlango uko wazi kabisa, unamwona yuko ndani anakula, na bado unasimama nje unasema hodi. Usipojibiwa unarudia mara ya pili, ya tatu, halafu unaondoka zako hata kama unamdai. Siasa yangu yote ni hiyo. Serikali ina askari, ina magari, ina mahakama, sawa, ila ikifika kwangu ipige hodi. Na wala sijatunga, Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, ile iliyoingia na marekebisho ya 1984, inasema kila mtu anastahili hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake, maskani yake mpaka mawasiliano yake. Unyumba, jamani, limeandikwa humo. Najua walioliandika hawakuwa wananiwaza mimi, lakini ndo limeshaandikwa.

Ngoja niongelee kwanza kitu kinachoniuma kila mwezi. Michango ya harusi.

(Wanacheka.)

Msicheke, nina daftari. Tangu nianze biashara nimechangia harusi, send-off, kitchen party, mpaka ubarikio wa watoto ambao baba yao simkumbuki, nimejumlisha yote inafika milioni sita na ushee. Unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp bila kuulizwa, mwenyekiti wa kamati anaandika "wajumbe ahadi zetu tafadhali", na wewe unaahidi, kwa sababu mchango ni kama kuweka kwenye kibubu, leo kwake kesho kwako. Sasa kwangu kesho haifiki. Nikiulizwa unaoa lini najibu mwaka huu Mungu akipenda, nimejibu hivyo miaka kumi na tano mpaka Mungu mwenyewe nadhani kachoka kutajwa. Nalipia kadi ya dabo, naenda peke yangu, narudi saa nane usiku na kipande cha keki nimekifunga kwenye tishu, na mwenzangu anakila amekaa kitandani huku ananiuliza bibi harusi alivaaje.

Mwenzangu tumekaa naye miaka tisa. Mtaani ni binamu yangu. Huo ubinamu haukuwa na shida mpaka alipolazwa, sitaji wapi, alitakiwa upasuaji, nikaulizwa wewe ni nani yake, nikasema binamu, wakasema tunataka ndugu wa karibu aweke saini. Ndugu wa karibu ni kaka yake yuko Sengerema, na wakati huo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado nguzo zimesimama tu majini, kwa hiyo kaka mtu yuko kwenye foleni ya kivuko upande wa Busisi, mimi nimekaa kwenye benchi la korido na chupa ya uji mapajani. Masaa matano na nusu. Uji ulipoa nikaunywa mwenyewe. Kaka alipofika akasaini kwa kalamu yangu. Daraja sasa limefunguliwa, Juni 2025, kilomita kama tatu unavuka dakika chache, nimefurahi kama mtu yeyote wa kanda hii, ila swali la korido bado liko palepale.

Haya, samaki. Nyie wa soko la samaki la Mwaloni mnakumbuka 2018, Operesheni Sangara, nyavu zinachomwa moto, watu wanapigwa faini mpaka wanauza boti. Na mwaka huohuo maofisa wa uvuvi wakaingia kantini ya Bunge kule Dodoma wakapima samaki kwa rula, samaki ameshapikwa, wabunge wakaja juu, ikawa kelele nchi nzima. Mimi dukani nilicheka mpaka machozi, maana wabunge walewale, sheria zinazompima mtu chumbani kwake hazijawahi kuwakosesha usingizi, rula imegusa sahani yao ndo wakajua serikali inaingia bila hodi.

Lakini ngojeni, msinielewe vibaya, mimi sheria ya samaki naiunga mkono! Sangara chini ya sentimita 50 asivuliwe, sato chini ya 25 asivuliwe, sawa kabisa, kwa sababu ukimvua kabla hajazaa unamnyang'anya mwenzako wa Ukerewe na wa Musoma na Mkenya na Mganda, ziwa ni moja. Hapo kuna mtu anaumia, tena unaweza kumhesabu. Sasa nionyesheni ni nani anayepungukiwa samaki kwa sababu mimi nimelala na nani. Wanasema maadili. Maadili ya nani yanavuliwa na nyavu ipi? Hapo ndo natofautiana na wanaodhani mliberali hataki sheria. Nazitaka. Nataka tu ile sheria ionyeshe aliyeumia.

Sheria ya kutuhusu sisi mashoga, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu ni kifungo cha maisha na isipungue miaka 30. Kuna wenzangu wanapenda kusema hii ililetwa na mkoloni, na kweli Mwingereza ndiye aliyeileta, lakini mimi hiyo hoja siipendi sana, kwanza kwa sababu adhabu tuliipandisha wenyewe 1998 kwa Bunge letu, pili kwa sababu hata ingetungwa na babu yangu chini ya mkuyu ningempinga, kwa heshima, lakini ningempinga. Na kuna ile ya kumpeleka mtu hospitali akapimwe njia ya haja kubwa kwa nguvu, eti ionekane kama ni shoga. Rula ileile. Kenya mahakama ya rufaa iliyokaa Mombasa 2018 ilisema kumpima mtu hivyo ni kinyume cha katiba yao. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Nairobi ikakataa kufuta vifungu vyenyewe. Kwa hiyo jirani yetu kasogea hatua moja, akasimama. Uganda wao 2023 walienda upande mwingine kabisa, mpaka adhabu ya kifo ikaingia kwenye baadhi ya makosa, na hao tunakunywa nao maji ya ziwa moja.

Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar wa wakati ule alitangaza kamati ya kutusaka, akaomba wananchi watume majina. Serikali baadaye ikasema huo ni msimamo wake binafsi, ila hiyo "baadaye" sisi tuliingoja gizani. Ule usiku nilikaa chooni na simu, nafuta. Nilifuta namba, nikafuta meseji, nikafuta picha moja mwenzangu yuko Kamanga anasubiri kivuko, kavaa shati langu. Ni shati tu! Nikafuta mpaka picha ya sato anakaangwa kwa sababu mkono ulioshika mwiko ulikuwa wake. Baadaye nikajifunza kwamba ukifuta kuna kapu la takataka humo ndani nalo ulimwage, na WhatsApp inahifadhi nakala, na kwenye kadi kuna folda nyingine. Nikawa fundi.

Nimtaje bibi yangu. Bibi alikuwa na macho mekundu. Mnajua maana yake Usukumani, hasa miaka ile, eti ni mchawi. Kuni zilishaisha kule, anapikia mavi ya ng'ombe, jikoni hakuna dirisha, miaka hamsini ya moshi, macho yatakuwaje? Watu wakaanza kumhesabia, mtoto wa fulani kafa, ng'ombe wa fulani wamekufa. Wazee wa hivyo walikatwa mapanga wilaya zetu hizihizi, hakuna asiyejua. Baba akamfuata usiku kwa pikapu ya mtu akamleta Mabatini, na mpaka anafariki, mgeni akipiga hodi bibi kwanza ananawa uso, ndo anasema karibu. Mimi nikiwa mdogo nilidhani ni usafi.

Mimi na bibi hatujawahi kuongea habari zangu. Ila akipata michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kutoka kijijini alikuwa ananifungia mifuko miwili, na tulikuwa tumeambiwa wajukuu wote mfuko mmoja mmoja.

Sasa nije kwa jirani. Jirani yangu ni bodaboda, simpendi sana na yeye hanipendi, kuna siku alisema kwa sauti pale kijiweni kwamba watu kama mimi tutiwe kiberiti. Tukapita. Ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, yale maandamano mnayakumbuka wenyewe, sina haja ya kuwasimulia, intaneti ikakatwa siku kadhaa, watu ndani, mtaa mzima umefunga madirisha na unaongea kwa kunong'ona. Intaneti iliporudi zikaja na meseji za polisi za kuonya kuhusu kusambaza picha. Saa mbili usiku nasikia hodi. Ni yeye. Anatetemeka, simu mkononi, anasema kaka, samahani kaka, hivi ukifuta video si inabaki sehemu?

Nikamkaribisha. Akakaa kwenye kochi, mwenzangu akampa maji. Nikachukua simu yake nikamwonyesha, hapa unafuta, hapa kwenye kapu unamwaga, hapa kuna nakala, toa kadi nayo tuiangalie. Ilichukua kama nusu saa. Alikuwa ananikodolea vidole vyangu vinavyokwenda haraka, akaniuliza, wewe haya umejifunzia wapi? Nikamwambia kazini.

Ile wiki nzima mlivyoishi, mnaangalia nyuma kabla hamjaongea, mnafuta, mnamwambia mtoto usirudie hilo shuleni, mimi ndo nimeishi hivyo miaka ishirini, na ninasema hivi bila kisasi kabisa. Vyama vyetu vyote, kijani na vingine, vikiulizwa habari zetu vinashindana kutukana, wapinzani nao walewale, na haohao wakikamatwa wanalia haki za binadamu, na mimi nalia nao, sijui kwa nini lakini nalia nao. Mlango ukishavunjwa kwangu, fundi wa kuvunja anabaki na nyundo.

Jirani? Hapana, hajabadilika. Juzi kijiweni nimemsikia tena, ila safari hii alivyoniona alikohoa.

Swali, ee, kaka pale nyuma.

(Mtu anauliza: kwa hiyo bro unataka na nyie mfunge ndoa?)

Mimi nataka kwanza milioni zangu sita.

(Wanacheka sana.)

Hapana, jibu la kweli, nikianza na moja nataka kusaini pale korido. Hilo tu nikipewa kesho, nalala.

Naona dada wa ndoo ananionyesha saa. Chukueni simu zenu, msiziwashe mpaka mfike barabarani, na tokeni wawili wawili jamani, wengine wapitie ngazi ya nyuma kule kwenye jenereta, angalieni, ngazi ya tatu imevunjika.