Usilaumu Miaka, Laumu Monita

Ndugu zangu ma-DJ, washereheshaji, mafundi mitambo, na nyie wapambaji mliokaa nyuma kule mkidhani hayawahusu, habari za asubuhi. Saa nne kwetu ni alfajiri, najua. Wengine mmeingia kitandani saa kumi.

Mada niliyopewa inaitwa "Umri na Kazi ya U-DJ". Nilipoiona nikajua aliyeitunga hajafika miaka 30. Anataka nije niwaambie mzee anastaafu lini. Mimi nina miaka 58 na Jumamosi hii nina sendoff Tabata, kwa hiyo kama mmekuja kuniaga, mmewahi mno.

Nitasema lile lile ninalolisema kila nikishikishwa maiki, na wanaonijua washaanza kucheka pale. Kinachomtoa DJ ukumbini si miaka, ni masikio. Na masikio hayaharibiki ukiwa na miaka 60. Yanaharibika ukiwa na 25, deni unaletewa ukiwa na 45.

Historia ya santuri, kaseti, CD hadi flashi nairuka, mnaijua. Niwape kisa.

Kuna mwenzetu mmoja, simtaji, mkongwe kuliko mimi. Nilimkuta kazini Kimara, sendoff ya binti wa rafiki yangu. Siku hiyo mimi nilikuwa mgeni mwalikwa, nimevaa koti, kadi mfukoni, mchango nimemaliza. Muziki ukaanza. Uchaguzi wa nyimbo, huna la kusema. Anajua lini wakwe wanaingia, lini akina mama wanataka taarabu, lini watu wamechoka na hotuba. Lakini sauti ilikuwa inachoma. Matoazi yanachoma, filimbi ya kinanda inachoma, mshereheshaji akisema "sasa" unasikia msumeno unapita kwenye bati. Akina mama wa meza ya pembeni wakaanza kuvuta viti, kidogo kidogo, wakijifanya wanampisha mpiga picha.

Mwenyekiti wa kamati akamfuata. "DJ, sauti inaumiza." Mwenzetu akajibu kwa upole kabisa, "Mwenyekiti, sauti iko sawa, spika mpya hizi." Na hakuwa anadanganya! Kwenye masikio yake ilikuwa sawa.

Nikasogea kumsalimia, jicho langu likaenda kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Kitufe cha tribo, yaani cha sauti nyembamba, kimezungushwa kulia mpaka karibu kigote. Pembeni amesimama dogo wake wa nyaya, kijana mpole, fulana nyeusi, solotepu imevikwa mkononi kama bangili. Mzee akiinamia laptopu kutafuta wimbo, dogo ananyoosha kidole, anarudisha tribo chini robo mzunguko. Akina mama wanaacha kuvuta viti. Mzee akiinuka, anakunja uso, anasikiliza, anaona muziki umelala, anapandisha tena. Dogo anasubiri ainame. Wakaenda hivyo usiku mzima, huyu anapandisha, huyu anashusha, na mzee hajui kama ana mwenzake kwenye mikisa.

Wakati wa chakula nikamvuta dogo pembeni. Akaniamkia, nikamuuliza unafanya nini pale. Akasema, "Mzee, hiyo ndiyo kazi yangu. Nyaya ni ziada."

Mnacheka. Sasa niwaambie kilichompata yule bwana, maana hakikuanza Kimara.

Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kilichojikunja kama konokono, na humo kuna seli zenye vinyweleo, takribani 16,000 kwa kila sikio siku unayozaliwa. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Sauti kubwa inazilaza. Ukizipumzisha, baadhi zinaamka. Ukizilaza kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, zinakufa, na ya binadamu ikifa haioti tena. Zinazotangulia ni zile za sauti nyembamba: matoazi, kayamba, herufi s na f na sh. Besi inabaki. Ndiyo maana DJ anayepoteza masikio hajioni kiziwi. Besi anaisikia, watu anawasikia wakicheka, ila anahisi muziki hauna ung'avu, basi anapandisha tribo. Anapandisha kufuata kitu kilichokufa ndani ya kichwa chake, na gharama analipa shangazi wa bibi harusi.

Umri nao unapunguza sauti hizo hizo nyembamba, sikatai. Hata mkulima ambaye hajawahi kusogelea spika atapungukiwa akizeeka. Lakini mkulima anapoteza kidogo kidogo. Wewe unapoteza vya umri na vya kazi kwa pamoja.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Wataalamu wa usalama kazini wanatumia kiwango hiki cha juu cha kelele: desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), masaa 8 kwa siku. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo 88 ni masaa 4, 91 masaa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 dakika 15. Dakika kumi na tano! Ukumbi wetu ukichangamka unafika mia bila shida, na wewe umesimama hapo tangu saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita usiku. Posho yako ya siku nzima umeila kabla keki haijakatwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo wa kumbi za burudani, na kiwango cha juu kabisa walichoweka ni wastani wa desibeli 100 ndani ya dakika 15. Hapo walikuwa wanamfikiria mgeni anayekuja mara moja moja. Wewe huji mara moja moja, wewe ni samani ya ukumbi.

Haya, naliona swali linakuja, yule kijana wa kofia anatikisa kichwa. "Mzee, hapa Bongo muziki wa chini chini si sherehe, kamati itanidai hela yao." Kijana wangu, nani amesema chini? Nasema monita. Hebu tuambiane ukweli: kelele kubwa kuliko zote ukumbini iko wapi? Iko kwenye ile spika unayojiwekea mwenyewe, hatua mbili kutoka sikio la kushoto, umeigeuzia usoni, ili "usikie vizuri". Wageni wako mita 10 mbali, kati yao na spika kuna watu, mapambo na vitambaa. Wewe huna cha kukukinga. Halafu juu ya hiyo monita unavaa hedifoni, na ili hedifoni ishinde monita unaipandisha nayo. Unapigana na spika yako mwenyewe kwa kutumia sikio lako.

Ishushe. Itumie unapounganisha nyimbo, ukimaliza izime. Spika za mbele ziinue kwenye stendi zipite juu ya vichwa vya watu, uache kuzilaza sakafuni zikaumize meza ya kwanza huku meza ya mwisho wanauliza mshereheshaji kasema nini. Ukumbi ukiwa mrefu weka spika nne kwa sauti ya wastani badala ya mbili zinazolia. Na vaa vizibo vya masikio. Vipo vya sponji vya bei ya soda, vinakata tribo sana lakini vinakuokoa, na vipo vya wanamuziki vinavyoshusha sauti yote kwa uwiano. Bei yake ni sawa na waya mmoja mzuri wa maiki. Mtu ana sabufa mbili, taa zinazozunguka, mashine ya moshi, kirikuu ya kubebea mitambo, ukimwambia kizibo anasema hali ngumu.

"Nikivaa vizibo simsikii MC." Eti! Asiyemsikia MC ni yule asiyevaa, ila bado hajajua. Tukiwa kwenye kazi moja Mbezi, mshereheshaji akamwambia DJ kwa sauti, "Mashangazi waingie!" Kwenye kelele ile, na masikio yale, herufi nyingine zote zimeyeyuka, kimebaki a-a-a-i. DJ akasikia "wazazi waingie". Akapiga wimbo wa wazazi, ule wa taratibu wa kutoa machozi. Mashangazi wako mlangoni, wamevaa sare, wamefanya mazoezi ya kuingia na mdundiko, na kamati imelipia shela za vichwani. Waliingia wakitembea kama wanakwenda kutoa heshima za mwisho. Lawama akabeba mshereheshaji, kwamba hana mpangilio. Sasa nyie washereheshaji mliokuwa mnasinzia, mnaona na nyie mnahusika?

Turudi kwenye umri wenyewe kabla mratibu hajaninyang'anya maiki. Vijana mnasema mzee hajui nyimbo za sasa. Wapo wasiojua, na hao nawaambia hapa hapa: mzee anayesema muziki uliishia siku za Msondo na Sikinde, na akiombwa Singeli anasonya, akapumzike. Hakuna aliyemlazimisha. Singeli unaweza kujifunza kwa wiki mbili, kaa na wajukuu. Tokyo kuna bibi anaitwa Sumiko Iwamuro, jina la kazi Sumirock, ambaye alianza kujifunza u-DJ akiwa ameshapita miaka 70. Mchana alikuwa anapika kwenye mgahawa wa familia, usiku anapiga tekno klabu. Mwaka 2018, akiwa na miaka 83, Guinness wakamtambua kuwa DJ wa klabu mwenye umri mkubwa kuliko wote. Sasa wewe una miaka 50, unaniambia amapiano inakushinda?

Upande wa pili, DJ Kool Herc, anayeitwa baba wa hip hop, alikuwa na miaka 18 siku ile ya Agosti 11, 1973 alipopiga muziki pale Bronx, New York, na ile ilikuwa sherehe tu kama hizi zetu, dada yake aliiandaa apate hela ya nguo za shule. Kwa hiyo ukiwa na miaka 18 unaweza. Kinachowasumbua vijana ni kwamba sendoff si klabu. Klabu wote wana umri mmoja na wamekuja kucheza. Sendoff kuna bibi wa miaka 80 kutoka Rombo, kuna wafanyakazi wenzake bibi harusi, kuna mchungaji, kuna watoto wanaokimbia na soda. Kijana anapiga saa nzima kwa ajili ya meza moja ya marafiki zake. Mzee anatazama miguu chini ya meza: ikianza kutikisika meza ya wazazi, anajua pa kwenda. Hiyo haimo kwenye flashi. Na kamati zinajua, ndiyo maana mwenye mvi anapewa advansi bila maswali na kijana anaulizwa umepiga wapi. Si haki sana, lakini ndivyo ilivyo. Nenda na mkongwe mwaka mmoja, umvutie nyaya, jina litakuja. Na wewe mkongwe umlipe, acha kumpa nauli na sahani ya pilau ukasema unamfundisha kazi.

Hapo nilikuwa na sehemu nzima ya mgongo. Naona mkono, dakika tano, sawa. Mgongo: santuri mia moja kwenye kreti zilikuwa kilo 20 na zaidi, mashine moja ya Technics ya kuchezea santuri kilo 12 na ushee, na tulikuwa na mbili. Leo laptopu ni kilo 2, hamna kisingizio, ila bado nawaona mnanyanyua sabufa peke yenu mkiwaonyesha mabinti wa catering. Inanyanyuliwa na watu wawili, magoti yamekunjwa. Basi.

Macho: baada ya miaka 45 maandishi ya laptopu yanaanza kuruka. Nunua miwani. Kuna mtu alimpigia bwana harusi wimbo wa msibani kwa kuwa majina mawili ya faili yanafanana. Sitaki kusikia eti miwani inaharibu mwonekano.

Usiku na chakula: chipsi mayai saa nane za usiku kwa miaka 20, halafu unashangaa presha. Kuna mengi hapo, nayaacha.

Pesa ya uzeeni: NSSF inapokea mtu aliyejiajiri, nendeni mkaulize dirishani. Mitambo si akiba, mitambo inashuka bei kila mwaka.

Lililobaki ni hili, na nalitaka lifanyike mwaka huu. Kapimeni masikio. Muhimbili wana idara ya masikio, pua na koo, na hospitali za rufaa nyingi wanapima. Unakaa kwenye chumba kidogo, unavaa hedifoni, unabonyeza kila ukisikia mlio. Haumi. Wakupe karatasi yenye mchoro, uihifadhi, ukirudi baada ya mwaka mmoja muilinganishe. Wakati mzuri ni Kwaresima au Ramadhani, kazi zinapopungua na masikio yamepumzika. Ukishindwa kusubiri, nenda katikati ya wiki. Usiende Jumatatu asubuhi masikio yanavuma na sherehe ya Jumapili, kwa sababu karatasi itaonyesha uchovu wa jana na wewe utatoka hapo ukidhani umeshazeeka.