Usikimbilie Kumtapisha Mtoto wa Mbwa

Karibuni. Nianze na kosa linalofanywa kwa nia njema. Mtoto wa mbwa amekutwa ametafuna betri, na mwenye nyumba anakimbilia jikoni kuchukua chumvi ili amtapishe. Chumvi ikizidi mwilini ni sumu yenyewe. Huleta kutetemeka na degedege. Na betri haitapishwi. Hizi za kawaida, za tochi na rimoti, zina alkali kali inayoozesha nyama inapoigusa. Imeshaunguza koo ikishuka; ukimtapisha, italiunguza tena ikipanda.

Badala yake, toa mdomoni vipande vinavyoonekana, ukijihadhari asikung'ate. Inamisha kichwa chake chini, umwagie maji ya uvuguvugu pembeni mwa mdomo yapite ulimini na kutoka nje, yasiingie kooni. Endelea dakika 15 hadi 20, huku mwenzako akimpigia simu daktari wa mifugo. Mdomo ukionekana mzima usidanganyike, maana vidonda vya alkali huweza kuchukua hadi saa 12 kujitokeza. Mkaa wa dawa, ule unaonyweshwa ili kunasa sumu tumboni, hausaidii hapa: haunasi alkali wala metali.

Betri bapa ya saa ni balaa zaidi. Ikinasa kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umeme wake unaunguza ukuta wa umio ndani ya saa moja au mbili. Hiyo ni ya kwenda hospitali sasa hivi, ipigwe eksirei.

Gundi ya mbao aina ya poliurethani nayo ina hila yake. Ni tamu kwa mbwa, na ikikutana na unyevu wa tumbo huumuka kama mkate, kisha hukauka kuwa donge gumu ambalo mara nyingi hutolewa kwa upasuaji. Kumtapisha ni kuihamishia gundi inayoumuka kwenye umio.

Akiwa ameng'ang'ania waya wa umeme, zima swichi kuu kabla hujamgusa. Hata akiamka na kutikisa mkia, mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, kwa hiyo apelekwe tu. Uzi unaoning'inia mdomoni au nyuma usiuvute. Unaweza kukata utumbo kama msumeno.

Najua mtaniuliza kuhusu haidrojeni peroksaidi. Ile ya asilimia 3 hutumika kumtapisha mbwa, lakini daktari akishaagiza na kutaja kipimo. Kamwe si kwa alkali, asidi, mafuta ya taa, vitu vyenye ncha, wala mbwa aliyelegea.

Sumu ya panya inayozuia damu kuganda ndiyo inayowahadaa watu. Mbwa hucheza siku 3 hadi 5 kana kwamba hakula kitu, ndipo damu inaanza kuvuja. Akipelekwa mapema, vitamini K1 humwokoa. Kwa hiyo nenda na pakiti yenyewe, hata ikiwa imechanwachanwa, pamoja na vipande ulivyookota, uzito wa mbwa na saa uliyomkuta.