Vidonda vya Kulalia: Vinaanzia Wapi, Vinazuiwaje

Mhadhara kwa wanaouguza wagonjwa nyumbani, Dodoma

Shikamooni wazee wangu. Habari za asubuhi, ndugu zangu wote. Wengi wenu mmemwachia jirani mgonjwa ili mpate saa hii moja, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe. Tunazungumzia kidonda kinachompata mtu anayelala au kukaa mahali pamoja muda mrefu: aliyepata kiharusi, aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, mzee aliyevunjika nyonga, mgonjwa aliyedhoofika mpaka hawezi kujigeuza.

Mtu mwenye afya hujigeuza usingizini bila kujua. Nyama ikikosa damu huanza kuuma, na mwili husogea wenyewe. Aliyepooza hayasikii maumivu hayo, au anayasikia lakini hana nguvu ya kusogea. Uzito wake unaibana nyama kati ya mfupa na godoro, vishipa vidogo vya damu vinafunga, na nyama inaanza kufa. Saa chache zinatosha. Tazameni tenga la nyanya linapofunguliwa pale Soko la Majengo: za chini, zilizobeba uzito wa zote, zimelegea ndani huku ganda bado zima. Misuli iliyo karibu na mfupa huathirika mapema kuliko ngozi, kwa sababu misuli hutumia damu nyingi zaidi. Ndiyo maana kidonda kibaya kikifunguka juu huonekana tundu dogo, na ndani kuna shimo pana. Familia husema kimetokea usiku mmoja, lakini mara nyingi nyama iliumia ndani siku mbili au tatu kabla ya ngozi kuonyesha chochote.

Akilala chali, sehemu za hatari ni kisogo, mifupa ya mabega, viwiko, mwisho wa mgongo juu ya makalio, na visigino. Akilala ubavu ni sikio, bega, nyonga, goti na kifundo cha mguu. Akikaa, ni ile mifupa miwili ya kukalia. Ongezeni na mpira wa mkojo uliopita chini ya paja, na mpira wa oksijeni nyuma ya sikio, navyo hubana.

Kuna adui mwingine asiyesemwa sana, ambaye ni kuteleza. Mkimwinua mgonjwa kichwa juu sana, mwili unashuka taratibu kuelekea miguuni, mifupa inashuka nao, lakini ngozi imeshikwa na shuka. Vishipa vinavutwa na kukatika humo katikati. Kwa hiyo kichwa cha kitanda kisizidi nyuzi 30, isipokuwa wakati wa kula na nusu saa hivi baadaye ili asipaliwe. Na msimburute kumpandisha juu. Kumburuta mara moja tu kwa kumshika makwapani kunaweza kuchubua ngozi mliyoitunza mwezi mzima.

Sasa jambo ambalo naomba mlishike kuliko mengine yote. Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu: ukibonyeza kwa kidole sekunde chache, ngozi haiwi nyeupe. Maelezo hayo yaliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwa ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani, na anayeusubiri hukutana na kidonda kilichokwisha kufunguka. Kwetu mkono hutangulia jicho. Mara mbili kwa siku, asubuhi wakati wa kumwogesha na jioni, wekeni nyuma ya vidole juu ya kila mfupa niliotaja, kisha gusa ngozi ya jirani au ya upande wa pili, na linganisha. Pana joto kuliko pembeni, au pamepoa? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama pamejaa maji? Mgonjwa anakunja uso ukigusa? Baada ya hapo ndipo utazame, kwenye mwanga wa dirishani au wa tochi ya simu: mahali palipokuwa peusi zaidi au pa zambarau, pamevutika, panang'aa. Safisha vumbi na mafuta kwanza, maana Dodoma vumbi huficha mengi.

Ukikuta badiliko lolote, mgonjwa asilalie upande huo. Rudi baada ya nusu saa. Kama bado liko, hiyo ni hatua ya kwanza ya kidonda, na asilalie hapo mpaka ngozi irudi hali yake. Na usipakande! Watu wengi wenye nia njema husugua mahali hapo kwa mafuta ili damu itembee, kumbe nyama iliyoumia ndani inazidi kupondeka.

Kugeuza. Desturi ni kila baada ya saa mbili. Mwenye godoro zuri na ngozi isiyobadilika anaweza, wakati wa usiku, kukaa muda wa saa tatu au nne bila kugeuzwa, lakini anayeamua hilo ni ngozi mnayoikagua asubuhi, si uchovu wetu. Andikeni kwenye karatasi ukutani: saa 12 asubuhi chali, saa 2 kulia, saa 4 kushoto, na kuendelea, na aliyegeuza aweke alama. Bila karatasi, kila mmoja nyumbani huamini mwenzake amekwisha geuza.

Tandikeni shuka moja iliyokunjwa mara mbili chini ya mgonjwa, ianzie mabegani ifike mapajani. Watu wawili, kila mmoja upande wake, wakunje kingo karibu na mwili, wahesabu pamoja, wamnyanyue na kumsogeza. Kama uko peke yako: mkunje goti la mguu ulio mbali nawe, mvukishe mkono wake kifuani, kisha mvute kwa nyonga na bega kuja upande wako. Usimlaze ubavu kabisa, kwa sababu uzito wote utaishia kwenye mfupa wa nyonga. Mwegeshe kidogo tu, nyuzi 30, kwa mto au blanketi lililoviringishwa nyuma ya mgongo kuanzia begani hadi kwenye kalio. Halafu pima: pitisha kiganja chini ya mwisho wa mgongo. Kikipita bila kubanwa, umepata. Weka mto mwingine kati ya magoti, na vuta sikio lisijikunje.

Visigino havitakiwi kugusa kitu. Weka mto kwa urefu chini ya mashavu ya miguu, magoti yakunjike kidogo, kisigino kining'inie. Karatasi ipite chini yake. Glavu zilizojazwa maji ziacheni. Pete za nguo au za mpira zilizo na tundu katikati nazo ziacheni: zinabana ngozi ya pembeni pande zote, na katikati panakosa damu.

Godoro la sponji si lazima liwe la gharama, lakini lisiwe limekufa katikati. Mgonjwa akiwa amelala, ingiza mkono chini ya godoro, kiganja kikiangalia juu, usawa wa makalio. Ukiusikia mfupa, godoro hilo limekwisha. Ligeuzeni na kubadilisha upande wa kichwani na miguuni mara kwa mara. Godoro la hewa linalosukumwa na mashine husaidia, ila umeme ukikatika angalieni halijanywea, na bado mgonjwa anageuzwa. Nailoni ya kuzuia mkojo iwe chini kabisa, juu yake shuka nene ya pamba isiyo na mikunjo. Nailoni ikigusa ngozi huleta jasho, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi.

Mkojo na kinyesi visikae. Badilisheni pampasi mara inapochafuka, osheni kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, kausheni kwa kubonyeza taulo, bila kusugua, kisha pakeni mafuta mazito ya mgando. Hapa kwetu kuna upande wa pili pia: hewa kavu, hasa Juni na Julai upepo unapovuma, ngozi ya mzee inapasuka. Miguu, mikono na mgongo vipakwe mafuta kila baada ya kuoga, hata ya alizeti.

Chakula kinasahaulika, na wengine huwapa wagonjwa uji mwepesi tu kwa kuwa ni rahisi kumeza. Mtu aliye hatarini anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 50 anahitaji kati ya gramu 63 na 75. Inafikika kwa vyakula vya hapa: mayai mawili hutoa gramu 12, glasi mbili za maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, vijiko vitatu vya kulia vya karanga zilizosagwa kwenye mlenda karibu 10, na ugali wa mtama au uwele wa siku nzima karibu 20. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza hospitali.

Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu ageuze uzito kila dakika 15 hadi 30. Kujiinua kwa mikono sekunde tano hakutoshi. Ainame mbele, kifua kielekee magotini, akae hivyo dakika mbili. Asiyeweza, aegemezwe kulia, kisha kushoto. Asikalie mbao wala kiti kitupu.

Nimeulizwa na mama pale nyuma kuhusu kidonda kilichokwisha kufunguka. Kwanza uzito utoke hapo, maana hakuna dawa itakayoponya kidonda kinacholaliwa. Kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja yenye chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Spiriti, unga wa vidonge vya tetrasaiklini, majivu na dawa ya meno visiguse kidonda. Kifunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, na muuguzi akione. Gaga jeusi, kavu, lililoshika vizuri kwenye kisigino msilibandue; linalinda. Likilegea, likitoa maji au pembeni pakivimba, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hivyo hivyo mkiona usaha, harufu mpya, homa, mgonjwa kuchanganyikiwa, au mfupa kuonekana.