Lita Ilizaliwa na Rula, Si na Mizani

Ndugu wasikilizaji, kunjeni boksi la karatasi ngumu: urefu sentimita 10, upana 10, kina 10. Nafasi iliyomo ndani ndiyo lita moja, iwe imejaa maji, unga au hewa tupu.

Jina lina umri mkubwa kuliko kipimo chenyewe. Wayunani wa kale walikuwa na litra, nayo ilikuwa ya uzito. Wafaransa wakawa na litron, tuseme kibaba chao cha nafaka, ambacho kwa kipimo cha Paris kilikaribia lita 0.8 za leo. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 7 Aprili 1795 ikalichukua jina hilo na kuliwekea ujazo mpya: mchemraba wa desimita 1 kila upande.

Mwaka 1901 wataalamu wa vipimo wakaihamishia lita kwenye mizani: ikawa nafasi ya kilo 1 ya maji safi, kwenye joto la karibu nyuzi 4, ambapo maji hubanana kuliko wakati wowote. Walikuwa na sababu, kwani kupima maji kwa mizani ni rahisi kuliko kupima kuta za chombo. Ila jiwe la kilo lililokuwa kigezo lilikuwa limezidi kidogo uzito uliokusudiwa, na lita ikatoka desimita za ujazo 1.000028. Ziada hiyo ni kama nusu ya tone. Jikoni nani ataiona? Maabarani, hata hivyo, mililita na sentimita ya ujazo zikawa vitu viwili tofauti, hadi mwaka 1964 lita iliporudishwa kwenye mchemraba wake.

Ukitaka kuhakiki chombo, kipime kwa mizani kikiwa kikavu kabisa, ujaze maji, uondoe viputo, kisha usome alama jicho likiwa usawa wake. Soma chini ya bonde la maji, si pale yalipopanda ukutani. Kwa lita ya maji ya nyuzi 20, ukiondoa uzito wa chombo kitupu, mizani itaonyesha gramu 997 hivi. Usiongeze maji ifike 1000! Maji yametanuka, na hewa nayo inayabeba kidogo.

Sokoni ndipo kosa linapouma. Lita ya mafuta ya kupikia ina gramu 920 hivi. Ukiuziwa kwa jina la kilo, umepunjwa gramu 80. Asali ni kinyume: lita yake hufika kilo 1.4, kwa hiyo anayekupimia kilo moja akaiita lita amekupa kama lita 0.7 tu.