Mvi za Ndani: Mishipa ya Ubongo na Chupa ya Vitamini

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Ni mimi Rehema, na Mwalimu Salim yupo na karatasi yake. Leo tulipanga mambo matano ya kulinda mishipa ya ubongo. Ila kabla hujaanza kusoma, Mwalimu, nina la kwangu.

SALIM: Sema, dada. Tangu umeingia nakuona una jambo.

REHEMA: Wiki hii nilimpeleka Mama Mkubwa kuchukua majibu ya MRI. Mnamfahamu, ndiye aliyekuwa akitutajia ukoo mzima bila kuruka mtu. Daktari akatufungulia picha. Kandokando ya zile nafasi za maji katikati ya ubongo kuna madoa meupe, na mengine yameshaanza kuungana. Akatueleza kwamba ni mishipa midogo, imechoshwa na presha ya miaka mingi.

SALIM: Pole sana. Mwenyewe alipokeaje?

REHEMA: Akamuuliza daktari, "Kumbe mvi zinaota hadi ndani?"

SALIM: Mama Mkubwa huyo!

REHEMA: Tulicheka wote, na daktari pia. Lakini jioni ile, nyumbani, akatoa chupa ya vitamini E, akaitikisa karibu na sikio. Ndivyo anavyokagua kama za leo ameshameza: anasikiliza zimebaki ngapi. Mdogo wangu ndiye aliyemletea, kwa mapenzi kabisa. Chupa imeandikwa kwamba inapambana na radikali huru na kulinda ubongo. Mashine yake ya presha nikaikuta kwenye droo, betri zimekufa.

SALIM: Hizo radikali huru niachie, ni somo langu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ukiwa umetulia. Panapotumika oksijeni nyingi namna hiyo, hazikosi kuzaliwa molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ndizo hizo radikali huru. Mwili una vimeng'enya vya kuzizima. Zikizidi uwezo wake, huo ndio msongo wa oksidishaji: zinaharibu mafuta ya utando wa seli, protini, hata DNA.

REHEMA: Fika kwenye mshipa, Mwalimu.

SALIM: Nafika. Ukuta wa ndani wa mshipa hutoa nitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa damu ipite. Furchgott, Ignarro na Murad walipata Nobeli ya tiba mwaka 1998 kwa kuigundua kazi yake. Sasa supaoksaidi, mojawapo ya hizo radikali huru, ikikutana na gesi hiyo, zinaungana papo hapo na kuzaa peroksinitraiti, ambayo ni kali kuliko wazazi wake. Mshipa umenyimwa kilichokuwa kinaulegeza, na juu yake umepewa cha kuuchoma.

REHEMA: Wodini tunayaona matokeo. Mtu anaanza kuwa mzito wa kupanga mambo, hatua zinafupika, anakaa muda mrefu na kifungo kimoja cha shati. Ndugu wanasema ni uzee.

SALIM: Na usidhani Alzaima, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, iko mbali na mishipa. Mwaka 2019 watafiti wa University College London walionyesha kwamba amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wenye Alzaima, huchochea hizo molekuli kali, na seli zinazokumbatia kapilari, perisaiti, zinabana. Njia ya damu inakuwa finyu kwenye mishipa ile myembamba kabisa. Ndiyo maana nasema chupa ya Mama Mkubwa ina hoja.

REHEMA: Hapo tunaachana. Kemia yako naikubali. Chupa siikubali.

SALIM: Kwa nini? Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa maveterani 613 wa Marekani wenye Alzaima, ya awali na ya kati. Waliopewa vitamini E, yuniti 2,000 kwa siku, walichelewa kupoteza uwezo wa kujihudumia: kuvaa, kuoga, kula. Kama miezi sita hivi. Wewe muuguzi unajua miezi sita ya mtu kuvaa mwenyewe ina thamani gani.

REHEMA: Naijua sana. Lakini kumbukumbu zao hazikuonyesha tofauti ya kuaminika. Na mwaka 2005 watu wenye udhaifu mdogo wa kumbukumbu walipewa dozi hiyohiyo kwa miaka mitatu, haikuzuia chochote. Mama Mkubwa hajaambiwa ana Alzaima. Ana mishipa midogo iliyoharibika, na anameza aspirini. Vitamini E kwa dozi kubwa inaongeza hatari ya damu kuvuja kwenye ubongo. Mvi za ndani zisije zikawa damu ya ndani.

SALIM: Hilo la aspirini daktari aulizwe. Ila wewe unataka kumnyang'anya.

REHEMA: Nataka betri za mashine ya presha. Presha ikipanda, mara nyingi homoni ya anjiotensini inahusika, nayo inakiamsha kimeng'enya kwenye ukuta wa mshipa ambacho kazi yake ni kutengeneza supaoksaidi. Chanzo kiko pale. Kidonge cha vitamini hakikizimi. Dawa kadhaa za presha zinamkaba huyohuyo anjiotensini.

SALIM: Haya, na ushahidi wa presha? Utafiti wa SPRINT MIND, mwaka 2019, watu zaidi ya 9,000, wengine wakashushiwa ile namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 badala ya 140. Udhaifu mdogo wa kumbukumbu ulipungua. Kwa dimensia yenyewe, yaani akili kudhoofika hadi mtu ashindwe kujitegemea, tofauti haikufikia kiwango cha kutosha kitakwimu. Kwa nini kipimo unachoikatalia chupa yangu usikitumie kwa presha yako?

REHEMA: Kwa sababu matibabu yale yalisitishwa mapema, faida ya moyo ilipoonekana wazi, na dimensia huchukua miaka kujitokeza. Tena presha ikishuka, hata kiharusi kinakuwa mbali.

SALIM: Hiyo ni sababu, si jibu. Na kuna jambo hulitazami: chupa ile ndiyo dawa pekee anayoikumbuka mwenyewe. Ukiitoa, umemwondolea kitu anachokishika kwa mkono wake.

REHEMA: Ndiyo inayonitia hofu! Anaikumbuka hiyo, ya presha anaisahau. Nafasi ya kukumbuka imebaki ndogo, halafu tumeijaza vitamini.

SALIM: Basi ziwekwe pamoja, akitikisa moja ameze na nyingine.

REHEMA: Mwalimu, mtu anayehesabu vidonge kwa sikio humwongezei chupa. Kuna siku nyingine hasikii vizuri, anameza mara mbili.

SALIM: Mimi bado nasema asinyang'anywe.

REHEMA: Na mimi bado nasema iondoke mezani kwake mpaka daktari aione.

SALIM: Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili? Na karatasi yangu je? Hata jambo la kwanza sijalisoma.

REHEMA: Litakuja wiki ijayo. Kwa sasa, mwenye mzazi anayemeza aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda, na kuna chupa ya vitamini E nyumbani, aende nayo kliniki. Chupa yenyewe, si jina lake tu, ili dozi isomwe.

SALIM: Na aliyeandikiwa na daktari wake asiache kwa kutusikia sisi.

REHEMA: Hilo hata mimi nalisema. Lile la mezani bado.

SALIM: Bado. Haya, kwaherini, na mniandikie nani yuko upande wangu.