Pima, Pema au Bima: Mhadhara juu ya Sahifa na Al-Islah, Mombasa 1930–1933

Assalaam alaykum, mabibi na mabwana.

Sahifa ilikuwa gazeti la karatasi moja tu, imeandikwa pande zote mbili. Ilianza kutoka Mombasa mwaka 1930, kila wiki, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Mwenyewe alikuwa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, mwanachuoni aliyesoma Mombasa na Unguja. Februari 1932 akatoa gazeti la pili, Al-Islah, la wiki vilevile, lenye Kiarabu na Kiswahili. Kufika mwisho wa 1933, hilo nalo halikuwapo tena. Ukiyajumlisha yote mawili hayatimizi miaka minne, na bado hutaandika historia ya magazeti ya Kiislamu kwa Kiswahili bila kuanzia hapo.

Wengi wakiyataja hukimbilia yaliyomo. Mimi nitaanza na karatasi yenyewe, kwa sababu msomaji wa 1930 alikutana na herufi kabla ya kukutana na hoja.

Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi: fatha, kasra na dhumma. Kiswahili kina irabu tano. Kwa desturi ya zamani ya Waswahili, fatha ilibeba a, kasra ilibeba i na e, dhumma ikabeba u na o. Hiyo ni shida ya kwanza. Ya pili ni konsonanti: herufi ba ilitumika kwa b, na kwa p, na mara nyingi kwa mb na mp pia, maana ile nuni (n) au mimu (m) ya mbele iliachwa. Sasa chukua ba yenye kasra, ikifuatwa na mimu yenye fatha. Hilo ni neno gani? Laweza kuwa pima, laweza kuwa pema, laweza kuwa bima. Chukua kafu mbili, kila moja na dhumma yake: kuku, koko, au kuko?

Washairi hawakuumia sana na jambo hili. Utenzi una mizani nane na vina, na msomaji wake aghalabu ameshausikia ukiimbwa, kwa hiyo mdomo unamsahihisha jicho. Gazeti halina kina wala mizani. Habari ni mpya kila wiki, hakuna aliyeihifadhi. Msomaji hukisia kwa maana ya sentensi, na akikosea neno moja mapema hukosea mstari mzima. Sheikh al-Amin aliliona hilo, naye ni mmoja wa waliotengeneza taratibu ya kuongeza alama na herufi ili Kiswahili kiandikwe kinavyotamkwa. Kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, haja ilikuwa kubwa zaidi, maana Mmvita hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa mwituni, kaa la moto na k'aa wa pwani, kwa pumzi tu.

Kuna la uchapaji pia, ambalo husahauliwa. Herufi nyingi za Kiarabu zina sura nne: ikiwa peke yake, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno. Mchapaji wa Kairo alikuwa na nafuu, kwani gazeti la Kiarabu husomwa bila irabu. Msomaji anaijua lugha na mizizi yake. Kiswahili hakisomeki hivyo. Kila konsonanti lazima ivae alama yake, juu au chini, na alama ikisogea kidogo tu imehamia kwa jirani. Kwa kazi ya namna hii kalamu ya mwandishi ni nyepesi kuliko kasha la mchapaji la herufi za madini ya risasi.

Tazameni na majira yenyewe. Mkutano wa lugha wa 1928, uliofanyika Mombasa hapa hapa, uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930. Mwaka uleule Sahifa inatoka, kwa lafudhi ya Mvita na kwa herufi ambazo shule za serikali hazikuzitumia kufundishia Kiswahili. Wako wanaoliita hilo kosa. Mimi silioni hivyo. Aliyepita chuoni, yaani chuo cha Kurani, mwanamume au mwanamke, alizijua herufi hizi tangu utotoni, hata kama hakukanyaga shule ya serikali. Huyo ndiye msomaji aliyekusudiwa.

Na aliambiwa nini? Aliambiwa maneno makali. Gharama za harusi na matanga, ulevi, uvivu wa kujifunza kazi za mikono na biashara, kuiga Wazungu mavazi na starehe huku elimu yao ikiachwa. Nyuma yake ilikuwapo Al-Manar, jarida la mwanachuoni wa mageuzi Rashid Rida, iliyokuwa ikitoka Kairo tangu 1898, lakini mifano ilikuwa ya mitaa ya Mombasa. Jina la gazeti la pili linatoka mzizi uleule uliotupa suluhu na masilahi: islahi ni kutengeneza kilichoharibika.

Kwa nini yalikoma mapema? Gazeti la mtu mmoja lina uhai wa nafasi ya mtu huyo. Mwaka 1932 Sheikh al-Amin alifanywa kadhi wa Mombasa, na 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kadhi chini ya Waingereza alikuwa mtumishi wa serikali. Mchana ana mirathi na talaka za watu mbele yake. Mimi naona kiti kile kiliibana kalamu, kwa muda na kwa heshima ya cheo.

Mwaka 1944 baadhi ya makala zilikusanywa katika kijitabu, Uwongozi, na w yake ya Kimvita ikiwa mahali pake. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye alikuwa Kadhi Mkuu. Yeye alifuata njia ya kinyume: ukadhi kwanza, kisha, akiwa ameshauacha, akaanzisha Sauti ya Haki, mwaka 1972.