Jinsi ya kupiga okteva za Wes Montgomery kwa kidole gumba

Karibuni tena, wapiga gitaa wenzangu. Leo piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, tunaiweka kando. Iwekeni mbali kabisa, maana mkono utaitafuta tu.

Tunajifunza okteva, yaani nota moja ikipigwa pamoja na nota ileile ya juu yake, za mpiga gitaa wa jazi wa Marekani Wes Montgomery, kama alivyozipiga kwenye The Incredible Jazz Guitar, albamu aliyoirekodi New York tarehe 26 na 28 Januari 1960 kwa lebo ya Riverside. Kundi ni la watu wanne tu: Wes, Tommy Flanagan kwenye piano, Percy Heath kwenye besi, na Albert Heath, mdogo wake Percy, kwenye dramu. Mimi naipenda kuliko zile rekodi zake za baadaye zenye okestra kubwa. Hapa hakuna vayolini za kumfunika, kila uzi anaougusa unausikia.

Kutyuni mnajua, tusonge.

Mkono wa kulia kwanza. Vidole vinne vitulie juu ya ubao wa gitaa, gumba libaki huru. Piga kwenda chini kwa ile nyama ya pembeni mwa gumba, kucha isiguse. Inasimuliwa kwamba Wes aliacha piki ili asiwasumbue watu alipofanya mazoezi usiku. Sauti ile nene na laini imetokea hapo. Amplifaya yako ipunguze ukali.

Sasa mkono wa kushoto. Kidole cha shahada uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, freti ya sita, yaani nafasi ya sita kati ya vile vichuma vya shingo ya gitaa. Hiyo ni B-flati. Kidole cha pete uzi wa nne, freti ya... ngoja, naona kwenye skrini mkono umekatwa. Nasogeza kiti. Haya, mnaona? Uzi wa nne, freti ya nane. Nota ileile, juu zaidi.

Hapa ndipo pa kuwa makini: uzi wa tano umebaki katikati, na gumba linapita juu yake. Lazima uuzime. Usiukandamize, laza kidole cha shahada kidogo, tumbo la kidole liuguse tu. Sikilizeni ukiwa haujazimwa... hiyo ni kelele. Sasa umezimwa. Nyuzi za juu nazo zinazimwa na kidole cha pete kikilala. Narudia, uzi wa katikati uzimwe kabla hujafikiria kwenda kasi.

Shuka nyuzi moja moja. Uzi wa tano na wa tatu, umbali ni uleule, freti mbili: shahada ya nane, pete ya kumi, unapata F. Hapo ncha ya shahada iguse pia uzi wa sita, usije ukavuma. Ila ukifika uzi wa nne na wa pili, umbali unakuwa freti tatu: ya nane na ya kumi na moja. Ni kwa sababu uzi wa pili umetyuniwa karibu zaidi na wa tatu kuliko nyuzi nyingine zilivyo. Hapa wengi hutumia kidole kidogo, na mimi nawashauri hivyo. Na uzi wa katikati sasa ni wa tatu. Uzimeni!

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tumezoea solo za nyuzi mbili kwa tatu na sita, yaani nota ya kwanza na ya tatu au ya sita yake kwenye skeli, kwa hiyo vidole vinakimbilia huko. Viangalieni.

Sasa wekeni West Coast Blues, inahesabiwa tatu tatu. Sikilizeni Wes anavyoijenga solo. Anaanza na nota moja moja, mistari mirefu ya bop, ule mtindo wa jazi, inayopenya katikati ya kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja. Huyu alijifunza gitaa kwa kunakili kwa sikio solo za Charlie Christian, mpiga gitaa wa jazi aliyemtangulia. Halafu zinaingia okteva. Mwisho kodi nzima nzima. Msikilizeni na Flanagan, kodi zake ni chache na fupi, Wes anapata nafasi.

Msikimbilie kodi. Chukueni kifungu kimoja kifupi cha okteva, mkiimbe kwanza kwa mdomo, ndipo mkitafute kwenye gitaa, polepole, kwa uzi wa sita na wa nne tu. Kikikaa sawa, kihamishieni uzi wa nne na wa pili. Ule wa tatu ukisikika, simameni hapo hapo, lazeni shahada, mrudie.